Wanaokuja Nairobi kutafuta, na wetu tuliowatuma Saudia

Kuna habari hurudi kila baada ya muda hapa Nairobi mpaka watu wameizoea. Polisi wamevamia nyumba fulani Githurai ama Ruai ama mtaa mwingine wa pembeni, wakapata vijana wa Ethiopia wamejazwa kwa chumba kimoja, madirisha yamefunikwa na blanketi, hakuna viti hakuna meza, ni magodoro na mitungi ya maji tu. Kesho yake wako kortini, Kiswahili hawajui, Kizungu hawajui, mkalimani anatafutwa, na shtaka ni kuwa nchini kinyume cha sheria. Halafu sisi wengine tunaanza kuongea. Wengi husema warudishwe kwao mara moja, na kuna wale huuliza hawa kwani wanatoroka nini, na huko wametoka hakuna vita.

Nataka tukae kidogo na hilo swali la mwisho. Anayeuliza hivyo amegusa fundo lenyewe bila kujua, juu sisi wengi tushakubali kimoyomoyo kwamba mtu akikimbia risasi tunamhurumia, akikimbia njaa tunamuuliza kitambulisho. Hiyo tofauti iliandikwa na watu kama sisi, wakiwa na sababu zao, na ukijua iliandikwa aje utaanza kuelewa ni kwa nini kijana mwenye akili timamu anakubali kulala sakafuni na wenzake wengi ndani ya nyumba imefungwa kufuli kwa nje.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema mkimbizi ni mtu ana hofu ya kweli ya kuteswa juu ya rangi yake, dini yake, utaifa wake, kundi la kijamii analotoka ama msimamo wake wa siasa. Mwaka wa 1969 nchi za Afrika zikakaa chini ya OAU, ule umoja wa nchi za Afrika uliotangulia AU ya leo, zikaongeza za kwetu, kwamba mtu anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni ama vurugu kubwa zinazoharibu usalama pia ni mkimbizi. Kenya imebeba zote mbili kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na ukweli usemwe tumefanya kazi kubwa, Dadaab iko tangu 1991 na Kakuma tangu 1992, si nchi nyingi tajiri zimekaa na wageni wengi hivyo miaka mingi hivyo. Lakini soma hizo orodha mara mbili mara tatu, njaa hutaiona. Kukosa kazi hutakuona. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, watu wakaangalia ng'ombe zikiisha moja moja mpaka boma likabaki tupu, na mtu wa hivyo akivuka mpaka kutafuta kibarua, kwa hayo maandishi yeye si mkimbizi, ni mtu tu amevuka.

Sasa ongeza hii. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 13, linasema kila mtu ana haki ya kutoka nchi yoyote, hata yake mwenyewe, na kurudi kwao. Haki ya kutoka iko, lakini haki ya kuingia kwa wengine haijaandikwa popote. Kwa hivyo mtu maskini ameruhusiwa kuondoka, na akishaondoka hakuna mahali ameruhusiwa kufika.

Ndio maana ile kauli ya "si wafuate tu sheria" huwa inanikaa vibaya, juu anayeisema anadhani kuna laini mahali, watu wazuri wamepanga wakingoja zamu yao, na hawa ni watukutu wameruka laini. Kwa mtu hana digrii, hana pesa benki, hana mwajiri wa kumwandikia barua, hiyo laini haiko. Angalia kibali cha kazi cha hapa kwetu, kile cha kuajiriwa wanaita Klasi D. Mwajiri lazima aonyeshe kwamba huo ujuzi anaotafuta hakuna Mkenya anao, halafu kuna ada ya malaki ya shilingi kwa mwaka. Hicho ni kibali cha injinia, cha meneja wa hoteli, cha rubani. Nani ataenda kumwombea kibali hicho kijana wa kubeba mawe mjengoni?

Kwa watu wa Afrika Mashariki mambo ni afadhali kidogo, na pia yamechanganyika zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja ya jumuiya ilianza kazi tarehe 1 Julai 2010 na inaongea waziwazi kuhusu watu kutembea, kufanya kazi na kukaa. Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuingia Kenya na kitambulisho tu tangu 2014. Rais Uhuru Kenyatta akiapishwa Kasarani tarehe 28 Novemba 2017 alisimama akasema watu wa Afrika Mashariki waje wafanye kazi, wafanye biashara, wamiliki mali, walime, na wakipata mchumba waoe wakae, na kitambulisho kitatosha. Watu wakapiga makofi. Lakini ndani ya ile itifaki kuna viambatisho, kila nchi iliorodhesha ni kazi gani imefungulia majirani, na orodha yetu ni ya wataalamu, mchuuzi na yaya hawamo. Kwa hivyo Mrundi anaweza kuvuka mpaka kihalali kabisa, akapanda basi kihalali, akashuka Nairobi kihalali, na siku anabeba ndoo ya njugu kutafuta chakula ndio anageuka mkosaji.

Huyo mtu wa njugu tunamjua wote. Simama Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni watu wakitoka kazi, utamwona anapita katikati ya msongamano na ndoo ya plastiki mkononi, njugu za kukaanga upande mmoja, zile za maganda upande mwingine, karatasi za daftari kuukuu zimekunjwa tayari, kifuniko kidogo cha chupa ndio kipimo. Ukimpa kumi anapima, halafu kabla hajakupa anaangusha njugu tatu nne juu, nyongeza, hata hujaomba. Macho yake hayako kwa njugu, yako mbele na nyuma akiangalia kanjo, askari wa kaunti, na wakitokea anaingia uchochoro wa karibu na ndoo imeshikwa kifuani isimwagike. Hiyo ndoo ndiyo duka lote. Ikimwagika ama ikichukuliwa, kesho anaanza na deni.

Sasa watu huuliza anapata faida gani, kuuza njugu za kumi kumi si hata fare hazifiki? Jibu liko kwa hesabu ambayo sisi tukiwa hapa hatuioni. Burundi iko kati ya nchi maskini kabisa duniani kwa pato la mtu mmoja, na pesa yao imepoteza nguvu vibaya miaka ya karibuni. Shilingi mia mbili ya Nairobi ni pesa ya kupita, ikifika kijijini kule inafanya kazi ambayo hapa haiwezi. Kwa hivyo yeye anaishi kwa bei mbili. Anapata kwa bei ya Nairobi, anajinyima kwa kiasi ambacho sisi hatungekubali, wanakaa watu watano kwa chumba cha mabati, rent wanagawana, chakula wanapika sufuria moja, na kile kidogo kinabaki kinaenda kwao ambako kinakuwa kikubwa. Mkenya wa kawaida hawezi kupiga hiyo hesabu juu mke wake na watoto wake wako hapahapa, wanakula kwa bei ya hapa. Ndio maana kazi moja inaonekana ya bure kwa mmoja na ya maana kwa mwingine. Hakuna ujanja hapo wala njama, ni tofauti ya bei kati ya mahali pawili, na mtu mmoja amejitolea kubeba hiyo tofauti na mwili wake.

Turudi kwa wale vijana wa Ethiopia, juu hapo ndio watu wengi wanakosea kabisa. Tunafikiria anayehama ni yule amechoka zaidi, yule wa chini kabisa. Hapana. Wa chini kabisa hawezi kuhama, hana nauli. Kuhama ni gharama kubwa sana, na wengi wa wale wanaokamatwa hapa wanatoka kusini mwa Ethiopia, upande wa Hadiya na Kambata, na Nairobi si mwisho wa safari yao. Wanaenda Afrika Kusini. Wanaingia kupitia Moyale, wanateremka Marsabit, wanafika Nairobi, wanangoja hapa mpaka njia ya mbele ifunguliwe, halafu Tanzania, Malawi, Msumbiji, ndipo wafike. Ile nyumba ya madirisha ya blanketi ni kituo cha kungoja. Kila hatua ina dalali wake, na kila dalali anataka pesa yake kabla hajakupokeza kwa mwingine.

Hiyo pesa inatoka wapi? Inatoka kwa familia nzima. Wameuza dume la kulimia, wamekodisha shamba, wamekopa kwa mjomba, ama kaka yake aliyetangulia akafungua duka mtaani Johannesburg ametuma. Watu hukaa chini wakajadili, nani aende, nani abaki na wazazi, nani amalize shule. Mara nyingi anayetumwa ni yule ana nguvu na hana mtoto bado. Na ukifikiria vizuri utaona hawa watu wametumia akili sana. Shamba likikosa mvua, wote walio shambani wanaumia siku moja, lakini yule ako Johannesburg mvua ya kwao haimgusi, anaweza kutuma. Hakuna kampuni itakatia bima mkulima wa nusu ekari, kwa hivyo familia inajikatia bima yenyewe, kwa kumweka mtoto mmoja mbali.

Na hatari wanaijua. Usidhani ni watu hawajaambiwa. Machi 2020 kule Tete, Msumbiji, lori lilifunguliwa wakapatikana Waethiopia 64 wamekufa ndani ya kontena, wamekosa hewa. Desemba 2022 miili 27 ilipatikana imetupwa kando ya barabara nje kidogo ya Lusaka, na wenyewe waliaminika ni vijana wa Ethiopia pia. Hizo habari zinafika vijijini walikotoka haraka kuliko zinavyofika kwetu, wengine walizika. Lakini kijiji hichohicho kina nyumba mpya ya mabati yanayong'aa, kila mtu anajua imejengwa na nani na pesa imetoka wapi. Mtu anapima hayo mawili, kifo ambacho huenda kikaja na umaskini ambao uko hapo tayari kila asubuhi, anachagua. Mimi siwezi kumwambia amechagua vibaya, juu sijawahi kuwekwa mbele ya hayo mawili.

Kuna jambo lingine husemwa sana, "si warekebishe kwao kwanza, nchi zao zikiendelea watatulia". Linasikika la busara lakini mambo hayaendi hivyo, angalau si mwanzoni. Nchi maskini sana ikianza kupata nafuu kidogo, wanaohama huwa wanaongezeka kwanza kabla wapungue, na sababu yake tushaiona, sasa kuna nauli, kuna mtoto amesoma akaona kwingine, kuna binamu ako mbele wa kumpokea. Inachukua miaka mingi ya nafuu kabla watu waanze kubaki. Wakati huohuo tusitishwe na maneno ya mafuriko ya watu. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka wa 2024 watu walio nje ya nchi walizozaliwa ni karibu milioni 304 dunia nzima, ukigawa unapata chini ya wanne kwa kila mia. Wale wengine tisini na sita wako kwao, pamoja na shida zote. Binadamu kwa kawaida hapendi kuhama, kuacha mama yako ukiwa na miaka ishirini si kitu mtu hufanya kwa kupenda.

Kuhusu kazi sasa. Sitaki kudanganya mtu ati hakuna Mkenya anaumia. Mama amekuwa akiuza njugu steji hiyohiyo miaka na mikaka, wakija vijana watano wa miguu mepesi wanaotembea mpaka saa nne usiku, mauzo yake yanashuka, na hasira yake ni ya haki. Ni kweli pia kwamba yule kijana ananunua njugu zake Nyamakima kwa mfanyabiashara Mkenya, analipa rent kwa landilodi Mkenya, anakula kibandani, anapanda matatu, kwa hivyo pesa inazunguka, lakini hiyo haimrudishii yule mama wateja wake na si vizuri kumwambia anyamaze juu ya uchumi.

Lakini angalia kile kinashusha mishahara hasa, ni nini? Nimeona mjengoni, Jumamosi mchana watu wamepanga kulipwa, yule asiye na karatasi anaitwa wa mwisho, anapewa nusu, akiuliza iliyobaki anaulizwa kama anataka polisi waitwe. Anachukua nusu, anaondoka, Jumatatu anarudi kazini kama hakuna kitu kimefanyika, ataenda wapi? Msichana ametoka Karamoja, Uganda, ameletwa Eastleigh kufanya kazi ya nyumba, hajui hata mtaa anaokaa unaitwaje, analipwa kile tajiri amejisikia kulipa. Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi tangu Novemba 2024, na hiyo amri ya mishahara haikubagua aliyezaliwa wapi. Sasa wewe kama mwajiri, kati ya mtu anaweza kwenda ofisi ya leba kukushtaki na mtu akiona askari anajificha, utamchukua nani? Huyo wa pili ndiye anachukuliwa, na kinachomfanya achukuliwe ni woga wake, mahali alizaliwa hapana uhusiano. Ondoa huo woga, alipwe sawa na Mkenya, na ile faida ya kumpendelea inaisha siku hiyohiyo. Kwa hivyo mfanyakazi Mkenya anayetaka mgeni asumbuliwe zaidi na polisi anajiumiza mwenyewe, juu kila msako unamfanya mgeni kuwa wa bei ya chini zaidi.

Na sisi pia tuna wetu huko nje, na hapa ndipo naomba usome polepole. Nenda uwanja wa ndege wa JKIA usiku wowote, upande wa kuondoka, utawaona wasichana wamesimama kikundi, fulana za rangi moja za ajenti, kila mmoja na bahasha ya plastiki yenye karatasi zake ameikumbatia, wengine ni mara ya kwanza kuona ndege karibu. Nyuma ya kizuizi kuna mama amekuja na matatu ya kukodi kutoka ushago pamoja na mashangazi na kachanga anayeachiwa. Wanaenda Saudia, Qatar, Dubai. Wengi wameenda kwa mfumo wa kafala ambapo ruhusa yako ya kuishi huko imefungwa kwa tajiri wako, ukitoroka kwake umeshakuwa mhalifu, hata kama umetoroka juu alikuwa anakupiga. Serikali yetu ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Gulf mwaka wa 2014, ikafungua tena 2017, na hiyo miaka ya katikati watu hawakuacha kwenda, walipitia njia za pembeni. Majeneza yamekuja. Na kila jeneza likija tunalia kama nchi, tunauliza hao watu wana roho gani, kwani hawaoni huyu ni mtoto wa mtu ametoka nyumbani kutafuta?

Pesa zinazotumwa na Wakenya walio nje zilipita dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024. Ni nyingi kuliko tunachopata kwa kuuza chai nje. Kuna karo imelipwa na hiyo pesa, kuna bili ya hospitali, kuna plasta imepigwa nyumba ya udongo. Hakuna Mkenya nimesikia akisema hao watu wetu ni wezi wa kazi za Wamarekani ama za Waarabu. Tunawaita mashujaa, tunawaombea kanisani kwa majina.

Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuzuia wageni kufanya biashara ndogondogo za aina 15, uwakala wa pesa za simu, saluni, kutengeneza simu, kuongoza watalii na nyingine, na kulikuwa na makelele hapa kwetu, watu wakasema huo si ujirani, itifaki inasema hivi na hivi, Wakenya walioko kule wana familia. Nami nilikubali, ile itifaki iko na inafaa kuheshimiwa. Lakini Juni 2019 ni mbunge wa hapahapa Nairobi alisimama sokoni akatishia kuwatoa wafanyabiashara wa Tanzania, Uganda, China na Pakistani kwa nguvu, akakamatwa na serikali ikajitenga na maneno yake, na kuna Wakenya wengi sana walimshangilia. Mtu wa Dar es Salaam aliyesikiliza ile video ya 2019 alisikia kilekile sisi tulisikia 2025.

Na Nairobi yenyewe, kama unajua ilivyoanza, ni mji wa watu waliotoka kwingine. Ilikuwa kambi ya reli 1899, na reli ilijengwa na vibarua zaidi ya elfu 30 walioletwa kutoka India, wengi wao wakikimbia umaskini kwao. Babu zetu wenyewe walisukumwa mjini na kodi ya nyumba iliyoanza 1901, huna pesa taslimu kijijini lazima utafute kibarua, halafu ukifika mjini miaka ya 1920 unatakiwa uwe na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni, ukikosa unafungwa. Nia yao ilikuwa kutafuta tu, na sheria iliwaita wahalifu wakiwa ndani ya nchi yao. Washona walikuja kutoka Zimbabwe karibu miaka ya sitini, wakakaa Kiambu na viunga vya jiji wakitengeneza viti na vikapu, wakazaa, wajukuu wakazaliwa hapa, na ilikuwa tarehe 12 Desemba 2020 ndipo watu 1,670 kati yao walikubaliwa kuwa Wakenya. Fikiria miaka hiyo yote mtu anaishi bila kitambulisho kwenye nchi ambayo bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti, huandiki biashara yako. Wamakonde nao waliletwa kutoka Msumbiji miaka ya 1930 kulima mkonge pwani, na iliwabidi watembee kwa miguu kwenda Ikulu, Oktoba 2016, ndio wasikizwe. Walipopata karatasi hakuna kitu kilianguka.

Sasa kuna mtu atauliza, kwa hivyo unataka tufungue mipaka kila mtu aingie? Sijasema hivyo. Nchi ina haki ya kujua nani ameingia, na kuna watu watarudishwa, itabidi. Ninachosema ni kwamba kumwelewa mtu kunabadilisha venye unamfanyia hata ukimrudisha. Chukua hii ya korti. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaruhusu faini mpaka shilingi 500,000 ama kifungo mpaka miaka mitatu ama vyote viwili. Kijana ambaye familia imeuza dume la kulimia atatoa wapi faini? Anakaa ndani, anakula kwa kodi yetu, halafu anapelekwa Moyale. Na lile deni kwao halikwenda popote, mjomba bado anadai, dalali bado anadai, na njia pekee anajua ya kulipa deni la safari ni safari nyingine. Wengi hujaribu tena, na hapo korti, jela na lori la kumrudisha vyote vimefanya kazi ya bure.

Mahali pa kuweka nguvu ni kwa dalali. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka wa 2010, na adhabu yake si ya mchezo, ni kuanzia miaka 30 jela ama faini isiyopungua shilingi milioni 30. Sheria hiyo pia inasema mtu kama alidanganywa ama alitishwa, ati alikubali mwenyewe si kinga kwa aliyemleta. Wale vijana wa chumba cha blanketi ni mashahidi, wanajua nani aliwapokea Moyale, nani aliwafungia, nani alichukua pesa. Ukiwashtaki wao kwanza umefunga mdomo wa mtu pekee angekuonyesha mwenye biashara. Mpe maji, mpe mkalimani, mpe simu ampigie mama yake aseme ako hai, halafu muulize pole pole, utapata majina.

Kwa wewe na mimi mambo ni madogo kuliko hayo. Kama unaandika fundi Mrundi ama yaya Mganda, mlipe ile pesa ungelipa Mkenya, umlipe kwa wakati, na kitambulisho chake ama paspoti yake usikae nayo, hiyo ni mali yake. Mkiwa mmewekeana maneno kuhusu siku ya kupumzika, apumzike, na awe na simu yake. Kama wewe ni landilodi ama keateka na kuna nyumba imekodishwa na watu hawaonekani mchana, mtu mmoja tu ndiye huingia na vyakula vingi usiku, usingoje mpaka kuwe na harufu, hapo kuna watu wamefungiwa na huenda kuna mgonjwa. Kama unafanya kazi korti ama hospitali na umeletewa mtu haelewi lugha, uliza kwanza anaongea gani, Kihadiya na Kiamhari si kitu kimoja.

Na kuna watoto, hao tuwatenge kabisa na haya mabishano ya karatasi. Mwaka wa 2022 uchunguzi wa wanahabari ulionyesha watoto wenye ulemavu wakitolewa Tanzania kuletwa kwa barabara za Nairobi kuombeshwa, jioni kuna mtu anakuja kuchukua pesa zote. Ukiona mtoto wa hivyo kwa wheelchair pale katikati ya barabara, jua lake kichwani, na mtu mzima ambaye si mzazi anamwangalia akiwa mbali, ama yaya wa nyumba ya jirani ni mtoto wa miaka kumi na mbili, piga 116. Ni laini ya watoto, iko wazi usiku na mchana, na hulipi kitu.